Mpangaji Si Mgeni

Leo tuzungumze habari za nyumba za kupanga, maana najua wengi wenu mnanisikiliza mkiwa ndani ya chumba kimoja, au chumba na sebule, huko Mbagala, Manzese, Buza, Tandale, au ng'ambo kule Kigamboni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Mji wa watu wengi namna hiyo hauwezi kuishi bila vyumba vya kupanga, na kila penye vyumba vya kupanga pana ugomvi unaosubiri mwisho wa mwezi.

Kinachoniuma ni kwamba wapangaji wengi wanaishi ndani ya vyumba walivyovilipia kana kwamba wamepewa kwa hisani. Baba mwenye nyumba akisema kodi inapanda, wanaitikia "sawa mzee". Akisema hama Jumapili, wanaanza kufunga vyombo Ijumaa usiku. Ukiwauliza mbona mmekubali, jibu ni moja: nyumba ni yake. Ni kweli, nyumba ni yake. Lakini muda ulioulipia ni wako, na sheria inaulinda muda huo hata kama mwenye nyumba hajawahi kuisoma.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao, kwa sababu ardhi si jambo la Muungano. Watu wakisikia "ardhi" hufikiria mashamba na hati za viwanja, kumbe ndani yake mna sehemu nzima inayohusu kupanga na kupangisha. Wazee wa Kariakoo, Ilala na Magomeni wanaikumbuka nyingine, ile ya 1984 ya kudhibiti kodi za pango, iliyokuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa. Zilikuwa bado ni zama za nyumba za Msajili, yaani majengo ambayo Serikali iliyataifisha 1971 na baadaye, mwaka 1990, yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ile ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kiasi cha kodi ni makubaliano ya watu wawili, na hakuna ofisi ya Serikali inayopanga chumba cha Tandika kiwe shilingi ngapi.

Nimetaja hilo mapema kwa sababu swali la kwanza la wapangaji ni lile la miezi sita. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwingine anataka ya mwaka mzima. Juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Chumba na sebule cha shilingi laki moja kwa mwezi kinakugharimu laki saba kabla hujanunua hata pazia. Je, sheria inaruhusu? Jibu langu halitawafurahisha. Sheria ya Ardhi haikuweka ukomo wa miezi ambayo mwenye nyumba anaweza kuitaka kwa pamoja. Mimi naona hilo ni pengo, na nalisema waziwazi. Mtu anayelipwa mshahara kila mwezi, au anayepata riziki yake siku kwa siku kwenye bodaboda na genge la nyanya, akidaiwa miezi sita kwa mara moja anakimbilia mikopo ya kausha damu, na deni la kausha damu linamfuata kuliko hata deni la nyumba. Bunge lililoifuta sheria ya 1984 lina deni la kutunga nyingine inayowatazama watu hawa.

Mpaka hiyo ije, jua jambo moja: nguvu ya mpangaji kubwa kuliko zote iko kwenye siku ambayo hela bado haijatoka mfukoni mwake. Ukishalipa, unaomba. Kabla hujalipa, mnaelewana. Siku hiyo ndiyo ya kusema, "Mzee, naweza kuanza na miezi mitatu, halafu mitatu mingine nikailipa tarehe fulani?" Wapo wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa kitupu kwa miezi kadhaa. Siku hiyo ndiyo ya kumuuliza dalali gharama zake zote, pamoja na ile hela ya kuonyeshwa nyumba, ambayo wengine huichukua kila mnapoingia uani hata kama nyumba yenyewe ilishachukuliwa wiki iliyopita.

Na siku hiyo ndiyo ya kuuliza: huyu ninayempa hela ni nani?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa. Kuna utapeli wa wazi, wa mtu kukodi chumba kwa mwezi mmoja kisha akawapangishia watu watano, kila mmoja akalipa, na siku ya kuhamia wote wanakutana mlangoni na magodoro yao. Lakini uko mgogoro mwingine ambao hauna tapeli ndani yake, nao ni wa nyumba ya urithi. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Mtoto mkubwa anaishi chumba cha mbele, ndiye anayepokea kodi, na majirani wote wanamjua. Unapanga kwake, unalipa mwaka. Mwezi wa tatu anakuja dada yake kutoka Tanga na kaka yao mwingine kutoka Mwanza, wanasema hawakushirikishwa, nyumba inauzwa, wapangaji watoke. Hela yako ilishaliwa. Sasa unamdai nani?

Kinga yake ni kuuliza mapema. Kama mwenye jina kwenye nyumba amefariki, mwenye mamlaka ya kuipangisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ana karatasi ya uteuzi. Omba kuiona. Kama mwenye nyumba yu hai, omba kuona hati au leseni ya makazi, au walau risiti za kodi ya ardhi zenye jina lake, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize. Mwenyekiti na mjumbe wanajua nyumba ya nani ni ipi, na wanajua pia ipi ina kesi. Anayekupangisha kwa niaba ya ndugu yake aliye Muscat au Marekani akuonyeshe maandishi ya kuruhusiwa, na umwombe mzungumze na huyo ndugu kwa simu, ikiwezekana ya video. Usione haya. Mtu anayekukabidhi nyumba kihalali hachukii kuulizwa, na anayechukia amekujibu.

Kisha kitazame chumba. Nenda mchana, na kama ni msimu wa mvua, nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha. Inua macho darini: madoa ya rangi ya chai yanakwambia bati linavuja. Shusha macho ukutani, usawa wa magoti: rangi iliyobanduka na chokaa inayomomonyoka ni unyevunyevu, na mstari wa tope uliokauka ni alama ya maji yaliyowahi kusimama ndani. Bonde la Msimbazi limeshatufundisha kwa machozi, na waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kukumbushwa. Fungua bomba. Vuta maji chooni. Uliza choo kinatumiwa na vyumba vingapi, na shimo likijaa nani analipia gari la majitaka. Muulize mpangaji unayemkuta anafua uani. Atakwambia mengi kuliko dalali.

Mkiafikiana, andikeni. Nitalirudia hili mara nyingi kadiri nitakavyopewa muda hewani. Sheria haisemi kwamba upangaji wa mwaka mmoja au chini yake bila maandishi ni batili. Makubaliano ya mdomo yanatambulika. Lakini mbele ya baraza la ardhi, mdomo wako na mdomo wa mwenye nyumba ina uzito sawa, na yeye ndiye mwenye nyumba. Mkataba si lazima uwe wa kurasa kumi. Uwe na majina kamili ya pande zote mbili na namba za vitambulisho vyao, chumba chenyewe kinachopangishwa na vitu vilivyomo, kodi ni kiasi gani na imelipwa ya kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Uandikwe umeme na maji vinalipwaje. Kama umetoa amana, iandikwe ni kiasi gani na itarudishwa lini. Uandikwe muda wa notisi kwa kila upande. Mashahidi wasaini, kila mmoja abaki na nakala yake. Wengi hupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa kupigwa muhuri, na ni vizuri, ila mjue kuna pia ushuru wa stempu unaolipwa TRA. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe, na watu wengi hulijua hilo wakiwa wameshasimama mbele ya mwenyekiti wa baraza.

Kuhusu malipo, lipa kwa njia inayoacha alama. Kama ni benki au simu, hakikisha jina linalotokea ni la yule aliyesaini. Kama ni taslimu, andikiwa risiti papo hapo, hata kwenye daftari la shule, yenye tarehe na saini. Meseji nazo zitunze. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi ukitimiza masharti yake. Kwa hiyo mama mwenye nyumba akikwambia kwa mdomo, "mwanangu, tengeneza hilo bati, tutakata kwenye kodi," mwitikie kwa heshima, halafu jioni mtumie meseji: "Shikamoo mama. Kama tulivyozungumza leo, nitatengeneza bati kwa shilingi elfu themanini na tutazikata kwenye kodi ya mwezi wa nane." Akijibu "sawa", umepata maandishi. Asipojibu, usinunue bati.

Hapo tumeshaingia kwenye matengenezo. Sheria ya Ardhi inaingiza ahadi fulani ndani ya kila mkataba wa pango hata kama hamkuziandika. Kwa upande wa mwenye nyumba, anaahidi kwamba chumba au nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na itaendelea kufaa. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, yeye ndiye mwenye wajibu wa paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na njia mnazotumia wote. Moto au mafuriko yasiyosababishwa na uzembe wako yakiiharibu nyumba isikalike, kodi inasimama mpaka itengenezwe. Nataka wapangaji wa mabondeni walisikie hilo vizuri: chumba kikiingiwa na maji mpaka magodoro yakaelea, hudaiwi kodi ya siku ambazo huwezi kukilalia. Piga picha, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi siku hiyo hiyo, na utunze ulichomtumia.

Nawe una ahadi zako. Kulipa kodi kwa wakati. Kukitunza chumba na kukirudisha katika hali uliyokikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kumruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa saa zinazofaa. Kutompangishia mtu mwingine bila idhini yake. Kitasa ulichokivunja wewe, balbu iliyoungua, sinki lililoziba kwa mabaki ya ugali, hivyo ni vyako.

Saa zinazofaa, narudia. Si saa tano usiku, na si kwa ufunguo wa akiba wakati wewe uko kazini. Ahadi kubwa kuliko zote ambayo sheria inamtwisha mwenye nyumba ni hii: maadamu unalipa kodi na kutimiza masharti, utakaa kwa amani bila kubughudhiwa na yeye wala mtu anayedai kwa jina lake. Mwenye nyumba anayekuzimia umeme kwa sababu hamsalimiani, anayewafokea wageni wako, anayeingia chumbani kwako kuangalia kama unapikia ndani, amevunja mkataba kama ambavyo wewe ungeuvunja kwa kutolipa. Masharti ya nyumba yapo na yaheshimiwe: geti kufungwa saa nne usiku, zamu za kufagia uwanja, muziki wa chini. Lakini yasemwe kabla ya kulipa. Sharti linalozaliwa mwezi wa pili ni ombi.

Umeme una ugomvi wake. Nyumba nyingi zina LUKU moja kwa vyumba sita, mnachanga kila wiki, na lazima atokee mmoja mwenye friji au anayepiga pasi nguo za biashara, akidai yeye anatumia kama wengine. Kufunga mita ndogo kwa kila chumba kumemaliza vita kwenye nyumba nyingi, na juu ya gharama yake mnaweza kuelewana na mwenye nyumba. Kabla ya kuhamia, uliza kama mita ina deni, maana deni hukatwa unaponunua umeme, na atakayekatwa ni wewe uliyeingiza hela leo. Deni la bili ya maji vilevile.

Tena kuna kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu mabadiliko ya 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Za ghorofa hukatwa zaidi, kwa kila ghorofa. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Inapita kwenye mkono wa mpangaji kwa sababu ndiye anayenunua umeme, lakini haigeuki kuwa yake. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, si haba kwa familia ya kipato cha chini. Andikeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango, na utunze zile meseji za tokeni zinazoonyesha makato.

Sasa kupandishiwa kodi. Mkataba ukiwa wa miezi sita kwa laki moja, basi ni laki moja mpaka mwezi wa sita uishe. Mwenye nyumba hawezi kuja mwezi wa tatu akasema vitu vimepanda bei, aongezewe elfu thelathini. Muda ukiisha, anaweza kutaka bei mpya, nawe unaweza kukubali, kupunguziwa, au kuhama. Ndiyo maana nawashauri mnaopanga kwa muda mrefu muandike mapema kwamba kodi haitapanda zaidi ya kiasi fulani mkataba ukihuishwa. Nyumba ikiuzwa katikati ya mkataba, aliyeinunua ameinunua ikiwa na mpangaji ndani yake. Akutane nawe, aoneshwe mkataba, asubiri muda wako uishe au akulipe mkielewana utoke.

Notisi. Wengi hawana mkataba wenye tarehe ya mwisho, wanalipa tu mwezi baada ya mwezi, au walikuwa na mkataba ukaisha na kodi ikaendelea kupokelewa. Sheria inawahesabu hawa kuwa wapangaji wa kipindi kwa kipindi, na kipindi chenyewe kinapimwa kwa jinsi mnavyolipana kodi. Unalipa kwa mwezi, notisi haipungui mwezi mmoja, na inaishia siku ya kulipa kodi. "Hama Jumapili" si notisi. Na hili linakubana wewe pia: huwezi kuamka asubuhi ukapakia vyombo kwenye Kirikuu, ukadai hudaiwi kitu.

Tuje kwenye kufuli.

Umechelewesha kodi, labda mwezi, labda miwili. Unarudi jioni na watoto, unakuta juu ya kufuli lako kuna kufuli jingine kubwa la shaba. Ndani ziko sare za shule, ziko dawa za mama, kiko cheti chako cha chuo. Au umekuta vyombo vimetolewa nje, godoro liko kwenye mchanga na majirani wanatazama. Mwenye nyumba anasema ni haki yake. Si haki yake. Kwa deni anaweza kukupa notisi ya maandishi, na usipolipa anaweza kwenda kwenye chombo cha sheria kudai hela yake na kudai nyumba yake. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya dalali wa mahakama au wa baraza, mwenye amri mkononi. Mwenye nyumba na wapwa zake wawili hawana amri hiyo.

Wewe ufanyeje jioni ile? Usivunje kufuli. Najua uchungu wake, lakini ukilivunja wewe ndiye utakayeandikwa kituoni. Piga picha ya mlango. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa afike aone kwa macho yake, maana kesho atakuwa shahidi wako. Andika orodha ya vitu vilivyomo ndani, ukianza na dawa na vyeti, na umpe nakala. Mara nyingi mwenyekiti mwenye busara analimaliza hapo hapo: mlango unafunguliwa na mnaandikishana tarehe za kulipa deni. Kama vitu vimechukuliwa au kuharibiwa, hilo ni la polisi, nenda ukafungue jalada. Ila deni la pango lenyewe ni madai, si jinai. Mwenye nyumba akikutishia mahabusu kwa sababu ya kodi ya miezi miwili, mjibu kwa upole kwamba alipeleke kunakohusika.

Kunakohusika ni wapi? Mkishindwana kwa mwenyekiti wa mtaa, liko Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hili halitoi tena hukumu, kazi yake ni kuwasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa, linawapa cheti cha kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, nanyi mnaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko kunakosikilizwa kesi na kunakoweza kutolewa zuio la muda ili usitolewe kesi ikiendelea. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Njia ni ndefu, na kwa mtu wa chumba cha elfu sitini nauli tu inamshinda. Kwa hiyo nawaambia kwa moyo wote: usuluhishi wa mtaani, ukiandikwa na kusainiwa, unawafaa wengi wetu kuliko ushindi wa miaka miwili.

Nisipowataja wenye nyumba kwa haki nitakuwa nimewaonea. Wenye nyumba wa uswahilini si matajiri. Wengi ni wastaafu na wajane waliojenga tofali kwa tofali, na kodi ya vyumba vitatu ndiyo dawa ya presha na ada ya mjukuu. Mama wa namna hiyo akipata mpangaji aliyelipa miezi mitatu, akakaa tisa, kisha akahama usiku akaacha na bili ya maji, msimlaumu akidai mwaka mzima kwa anayefuata. Kila mpangaji anayetoroka na deni anampandishia masharti mwenzake. Kama mambo yamekubana, nenda kamwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, si baada, na upeleke chochote ulicho nacho. Nao wenye nyumba nawasihi: andikeni mikataba. Inawalinda ninyi pia, maana asiyeandikishana na mpangaji hana cha kulionyesha baraza anapodai chake.

Kwa wenye fremu za biashara, mengi niliyoyasema yanawahusu, na lipo la ziada. Mfanyabiashara anayelipa pango anaweza kutakiwa kukata asilimia 10 ya kodi hiyo na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio kwa niaba ya mwenye jengo. Pitia ofisi ya TRA iliyo karibu nawe uulizie hali yako kabla ya kusaini. Wapo waliolipa pango kamili, kisha wakadaiwa ile asilimia 10 kutoka mfukoni mwao.

Siku ya kuhama, fanya kama ulivyofanya siku ya kuingia. Piga picha chumba kikiwa kitupu, soma mita mkiwa wawili, kabidhi funguo kwa maandishi na udai amana yako hapo hapo. Kama mwenye nyumba ndiye aliyekutoa kabla ya muda, miezi uliyolipia na hukuikaa ni hela yako, idai. Kama ni wewe unayeondoka mapema kwa sababu zako, tazama mkataba unasemaje. Ukiwa kimya, mtafutie mwenye nyumba mpangaji mwingine wa kuziba nafasi, na mkubaliane urejeshewe kiasi gani.

Najua wapo wanaosema hapa, "mwalimu, haya ni ya wenye mawakili." Hapana. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wapo katika wilaya nyingi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada bure kwa wasio na uwezo, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake huwasikiliza kina mama. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imekuwa ikizunguka mikoani na kuwafuata watu huko huko waliko. Huhitaji suti wala Kiingereza. Chukua mkataba wako kama unao, risiti, meseji, picha, jina na namba ya simu ya mwenyekiti wa mtaa wako, viweke vyote kwenye mfuko mmoja, na uende mapema, kabla siku za notisi hazijaisha.